Safari ya Majaribio ya Fundi Baridi

Watu walimwita Fundi Baridi kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa kazi yake, kwani alikuwa akitengeneza majokofu tangu ndevu hazijamwota. Ya pili ni kwamba hakuna aliyewahi kumwona amepandwa na hasira. Mteja angeingia karakanani akifoka kwamba friji lake limekufa tena, kwamba ametapeliwa, kwamba safari hii hakubali. Fundi Baridi angemsikiliza mpaka pumzi imwishie, afute mikono kwa kitambaa, kisha aulize, "Umelibana ukutani?" Mteja angenyamaza. Mara nyingi alikuwa amelibana ukutani.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na nyuma yake kijichumba kisicho na dirisha alimoweka mitungi ya gesi, mabomba ya shaba na kompresa zilizokwisha kazi. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata kwa ndugu: jokofu lililotengenezwa haliondoki siku hiyo hiyo. Lazima liwashwe, lifungwe, liachwe lilale pale hadi kesho yake, ndipo mwenyewe aitwe kulichukua.

"Lakini limeshapoa!" wateja walilalamika. "Tia mkono uone."

"Limepoa mbele yangu," alijibu. "Nataka nijue linafanya nini nikiwa sipo."

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa nje ya nchi mwaka wa sita sasa, akifanya kazi katika maghala makubwa ya baridi, yale ya kuhifadhia matunda na nyama. Siku moja alipiga simu, sauti imejaa bashasha.

"Shemeji, tajiri wetu anatafuta fundi. Si fundi wa kubahatisha, fundi! Nimekutaja wewe. Mkataba miaka mitatu, likizo baada ya miaka miwili. Huku mambo mteremko, shemeji. Unakaa kwenye kiti, unaitazama mitambo inajiendesha."

"Kama inajiendesha, mimi wananitakia nini?"

"Ndiyo maana nakupenda, huna dogo! Fikiri, unipe jibu mwisho wa mwezi ujao."

Fundi Baridi hakuwa mtu wa kuota mchana, lakini alikuwa na sababu zake. Watu walikuwa wameanza kununua majokofu mapya ya bei nafuu, na yakiharibika wanayatupa. Karakana iliyokuwa ikijaa mpaka barazani sasa ilikuwa na nafasi ya mtu kulala. Binti yake alikuwa amebakiza miaka michache kumaliza shule, na mdogo wake ndiyo kwanza ameanza. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu: alitamani kuiona mitambo ile. Ujana wake wote alikuwa akipoza masanduku. Alitaka, kabla hajazeeka, apoze jengo zima.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kuzungumza na watu wazima kana kwamba wako karibu kujikojolea.

"Kwanza tukae," alisema, aliposikia habari ile. "Tumekaa? Haya. Sasa sema polepole. Unataka nini?"

"Nataka kwenda."

"Na sisi?"

"Nyinyi mtabaki. Ndiyo maana sijasema naenda. Nimesema nataka."

Mkewe hakulia wala hakupayuka. Aliikunja nguo aliyokuwa akiikunja, akaiweka juu ya nyingine. "Mimi sijui kama sisi ni watu wa kukaa miaka miwili bila kuonana," alisema. "Wapo wanaoweza. Wapo ambao mtu akirudi anapigishwa hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Wewe unajua sisi ni wepi?"

"Sijui."

"Basi utamjibuje kaka?"

Fundi Baridi alifikiri kidogo. Kisha akasema, kama aliyesoma jibu kwenye ukuta, "Tujaribu. Nitahamia karakanani mwezi mmoja. Sitakanyaga hapa. Tutaongea kwa simu tu, jioni, kama walivyo watu wa nje."

"Karakanani! Hapo mtaa wa tatu? Baba watoto, hapo ni mwendo wa kwenda kununua chumvi."

"Nisipofika, sipo. Iwe mtaa wa tatu, iwe ng'ambo."

Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao tangu alipofiwa na mumewe, alisikia yote kutoka chumbani kwake. Masikio yake yalikuwa mazima kuliko magoti. "Jamani," alipaza sauti, "gesi ile imempanda mwanangu kichwani!" Hata hivyo hakukataza.

Wakawekeana masharti mezani, watoto wakiwapo. Hakuna kutembeleana. Wakikutana njiani, hawajuani. Binti yao, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, aliinua mkono kama yuko darasani.

"Hata tukikuona tusikuamkie?"

"Mtaniamkiaje na mimi niko ng'ambo?"

"Na ukituona tumefanya kosa barabarani?"

"Nitakuwa sijaona."

"Basi safari njema, baba," alisema Bosi, na mdogo wake akashangilia.

"Tufanye kama kweli," Fundi Baridi alimaliza. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kukazia mambo, alirudia, "Kama kweli kabisa."

*

Alihamia karakanani na godoro jembamba, jiko dogo na begi moja, kwa sababu alisema msafiri hachukui kabati. Mtu wa kwanza kumpokea ughaibuni alikuwa kinyozi wa chumba cha jirani, ambaye habari zote za mtaa zilipita mikononi mwake pamoja na vichwa vya watu.

"Karibu sana, mzee wa ng'ambo!" kinyozi alimwambia asubuhi ya kwanza. "Kwenu huku sasa hivi ni saa ngapi? Maana kwetu sisi ni saa mbili."

"Ni saa ya kazi," alijibu Fundi Baridi.

"Na baridi yake vipi? Theluji imeanguka?"

Wateja wa kinyozi walivunjika mbavu. Fundi Baridi aliwaacha wacheke. Aliyekata shauri hamalizi nguvu zake kuwafafanulia wanaopita.

Alikuwa ametegemea kwamba siku za mwanzo zingekuwa ngumu, na hakukosea. Jioni miguu yake ilikuwa ikijielekeza nyumbani yenyewe, naye akairudisha. Alijifunza kupikia mtu mmoja, jambo ambalo halina ladha hata chumvi ikiwamo. Siku moja alikwenda dukani kununua sabuni, akamkuta mkewe kwenye foleni, mgongo wake uko pale pale anapoujua. Akakohoa. Mkewe hakugeuka. Akasogea hatua moja.

"Samahani, kaka," mkewe alisema, akitazama mbele, "mstari unaanzia nyuma."

Akarudi nyuma ya mstari. Aliliona bega la mkewe likitikisika, akajua anacheka, na moyo wake ukafurahi na kuuma kwa pamoja. Masharti ni masharti.

Jioni simu zilikwenda vizuri. Mkewe alisema wote wazima. Mtoto mdogo alimwimbia wimbo wa shuleni. Bosi alimsomea alama zake za mtihani, zilizopendeza zote. Alipoomba kuongea na mama yake, Bosi alijibu, "Bibi amelala, baba." Kesho yake, "Bibi anaoga." Siku iliyofuata, "Bibi amelala tena, anasema anakusalimu sana." Fundi Baridi aliridhika. Alijua uzee na usingizi havikosani.

Katikati ya siku hizo aliungua. Alikuwa akilehemu bomba la shaba, mawazo yako nyumbani, akalishika upande wa moto. Kiganja cha kushoto kiliumuka malengelenge. Alikifunga kitambaa, akaendelea na kazi kwa mkono mmoja, na usiku homa ikampitia. Tangu hapo, kila jioni mkewe alipomuuliza, "Hujambo huko?" alijibu, "Mimi salama kabisa. Huku mambo mteremko." Alijisikia shujaa kwa jibu lile. Wengi hujisikia hivyo, na ndipo kosa linapoingilia, kwa sababu uongo wa kumpumzisha mtu ni uongo wenye nguo safi tu.

*

Wiki ya tatu ilikuwa imeanza alipopigiwa simu na hospitali kubwa ya mjini. Jokofu la dawa katika wodi ya wanawake lilikuwa limegoma, na mhudumu wa wodi alikuwa akihema kwenye simu.

"Fundi, njoo upesi. Dawa za watu zitaharibika."

Alikwenda na mkoba wake. Mlangoni muuguzi alipaza sauti, "Akina mama, jifunikeni, anaingia fundi!" Fundi Baridi, mtu wa adabu zake, aliingia akitazama sakafu, akapita kati ya vitanda bila kuinua macho, akapiga magoti nyuma ya jokofu pembeni, penye pazia. Aligundua tatizo mara moja: walikuwa wamelibana ukutani. Feni ya nyuma ilikuwa imejaa vumbi na kuzimika. Alikuwa akiifungua skrubu ya pili aliposikia sauti upande wa pili wa pazia.

"We binti, hiyo sindano unachoma mtu au unatoboa ukuta?"

Bisibisi ilimponyoka. Kuna sauti ambazo mtu huzijua kabla ya kujua jina lake mwenyewe. Alisimama, akavuta pazia.

Mama yake alikuwa amelala kitanda cha dirishani, mashavu yamemwingia ndani, mrija umebandikwa mkononi. Walitazamana. Wa kwanza kusema alikuwa mama.

"Umefikaje hapa?"

"Mama!"

"Nakuuliza, umefikaje? Wewe si uko nje ya nchi?"

"Mama, umelazwa lini?"

"Usinipandishie sauti, mimi mgonjwa."

Mwanamke wa kitanda cha jirani alijiinua kwa kiwiko. "Ndiye huyu yule wa ng'ambo?"

"Ndiye," alisema mama.

"Karudi mapema."

Muuguzi alimweleza Fundi Baridi kwamba mgonjwa aliletwa na kichomi zaidi ya wiki iliyopita, kwamba siku za mwanzo alikuwa akipumua kwa mashine, kwamba kulikuwa na usiku mmoja ambao mkwewe aliambiwa asiondoke, lakini sasa amepata nafuu na karibu ataruhusiwa. Fundi Baridi alisikiliza yote amesimama wima kama mtu anayesomewa hukumu. Wiki nzima, dakika chache kutoka alipokuwa akipika chakula cha mtu mmoja, mama yake alikuwa akigombania pumzi, naye akiambiwa amelala.

"Na huo mkono?" mama aliuliza.

"Kitu kidogo."

"Kitu kidogo kimefungwa kitambaa kama kichwa cha mwali? Umeungua?"

"Wiki iliyopita."

"Nyumbani uliwaambia?"

Akauficha mkono nyuma.

"Mkeo jana alikuuliza hujambo. Nimesikia, alikupigia akiwa amekaa hapo ulipo. Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu salama."

"Basi sote tulikuwa salama," alisema mama, akageukia dirisha.

Fundi Baridi alirudi nyuma ya jokofu akamaliza kazi. Dawa za watu hazingoji mtu atulie. Alisafisha feni, akaifunga, akalisogeza jokofu mbali na ukuta, akamwonyesha mhudumu nafasi ya kuacha. Kisha akaenda kusimama kwenye ujia, nje ya wodi, akingoja saa ya kuona wagonjwa.

Mkewe alikuja na chupa ya chai na shuka safi. Alipomwona alisimama. Hakujifanya hamjui.

"Nani kakuambia?"

"Friji."

Mkewe aliiweka chupa juu ya benchi, taratibu. "Haya. Sema."

"Mama yangu anakufa, nawe unaniimbishia mtoto nyimbo!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kumsikia Fundi Baridi akipaza sauti. Mfagiaji wa ujia aliacha kufagia. Mkewe hakurudi nyuma hata unyayo mmoja.

"Nimekosea nini?" aliuliza. "Ulisema tufanye kama kweli. Ukarudia: kama kweli kabisa. Haya, kama ungekuwa huko kweli, mama akashikwa na kichomi, ningekupigia? Nisingekupigia. Ungefanya nini? Ungekuja kwa likizo ipi? Ungekaa huko unalia, ukakosea kufunga bomba la gesi, likakuripukia, nikawa na maiti wawili. Kila mwenye mtu nje anafanya hivi, baba watoto. Mama yetu mimi na kaka alipopasuliwa, kaka aliambiwa nyuzi zilipokwisha kutolewa."

"Na kama angekufa?"

"Kwanza ningekuambia anaumwa. Halafu anaumwa sana. Halafu..." Aliisogeza chupa ya chai. "Ndivyo inavyofanywa. Hukujua?"

"Mimi nilikuwa mtaa wa tatu!"

"Ulisema ukiwa hufiki, hupo."

Fundi Baridi alikaa kwenye benchi. Hasira ilimtoka kama gesi kwenye bomba lililotoboka, ikamwachia kitu kizito zaidi. "Umemfundisha Bosi kunidanganya," alisema.

"Nimemfundisha kukulinda."

"Alisema 'Bibi amelala' na sauti yake haikutikisika. Sikia ninavyokuambia. Mtoto akiweza hivyo kwa baba yake, ameshajifunza, hata ukimwambia aache."

Mkewe alikaa kando yake. Jambo hilo lilimgusa, kwani kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto wa watu kusema nani kamwaga maji. Kisha aliuchukua mkono ule wa kushoto, akafungua kitambaa, akautazama.

"Usaha huu," alisema. "Na jana ulisema nini? Mteremko."

"Sikutaka uhangaike."

"Haya. Nani kamfundisha nani?"

Mkewe alimpeleka kwa muuguzi, mkono ukasafishwa, naye akauma meno. Waliporudi kwenye benchi alikuwa amekwisha kupiga moyo konde.

"Kutowaona, naweza," alisema. "Nimejaribu. Kunauma, lakini naweza. Nisichoweza ni kuwa mtu wa kuletewa habari zilizokwisha kupikwa. Kwa namna hiyo siendi, hata mshahara uwe wa namna gani. Kwa hiyo narudi karakanani. Siku zilizobaki nazimaliza, lakini sasa tunasema yote."

"Yote yapi?"

"Yote. Yanayouma kwanza."

"Na mama humu kitandani, unarudi ughaibuni?"

Waliingia kumuuliza mwenyewe. Mama aliwasikiliza, akinywa chai kwa mafunda madogo madogo.

"Mimi nafuu," alisema. "Ungeniona mwanzo, sasa hivi mnatazama bibi harusi. Nenda ukamalize ulichoanza. Sikukulea uwe mtu wa nusu nusu. Ila mkinificha jambo lolote nyinyi wawili, nitaondoka hapa na mrija wangu."

*

Kinyozi alimwona akirudi na bendeji mpya. "Ulikuwa umekwenda nyumbani mara moja? Uhamiaji hawakukusumbua?" Alipoona uso wa Fundi Baridi, aliacha mkasi. "Samahani, jirani. Niliambiwa nisikuambie. Mtaa mzima tuliambiwa."

"Najua," alisema Fundi Baridi. "Mara nyingine ukiambiwa hivyo, kataa."

Simu za siku zilizofuata hazikuwa tamu. Jioni ya kwanza Bosi alilia, akakiri kwamba zile alama alizomsomea hazikuwa zake zote. Hesabu alikuwa ameanguka vibaya, na mama alikuwa hajui. Mama yake, aliyekuwa pale pale, akajua. Kukawa na kelele, na Fundi Baridi akazisikiliza kwenye sikio lake bila kuweza kufanya lolote isipokuwa kusikiliza. Jioni nyingine mkewe alimwambia bati la jikoni linavuja, kwamba mdogo anamwita jirani mmoja "baba" kwa mzaha na mzaha huo haumchekeshi, kwamba amechoka, kwamba usiku ule hospitalini alimchukia yeye, mumewe, kwa moyo wake wote, kwa sababu mume ndiye aliyependa kumwacha peke yake.

"Bado unanichukia?"

"Leo hapana. Kesho sijui. Si umesema tuseme yote?"

"Ndiyo."

"Na wewe je?"

Fundi Baridi alitazama ukuta wa kijichumba chake. Alikuwa hajawahi kuyasema maneno ya namna ile kwa mtu. "Naogopa," alisema. "Naogopa kufika huko nikute mitambo siiwezi, wanicheke. Na naogopa nisipokwenda nitawalaumu nyinyi mpaka nizeeke. Mkono unauma. Chakula changu ni kibaya."

"Hilo la chakula nilijua," alisema mkewe. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi walicheka, na hakuna aliyekuwa akimficha mwenzake kitu chini ya kicheko kile.

Mwezi ulipokwisha alirudi nyumbani na begi lake. Mama alikuwa ameruhusiwa na amelala kitandani kwake, mlango wazi ili asipitwe na neno. Fundi Baridi aliiweka simu mezani, akampigia shemeji, sauti ikatoka kwa wote kuisikia.

"Shemeji!" bashasha ile ile. "Nimekaa kwenye kiti changu hapa nakungoja. Huku raha tupu!"

"Shemeji," alisema Fundi Baridi, "kabla sijakujibu, nina swali moja. Nataka ulijibu kama mtu aliyeapa. Hali yako huko, ya kweli, ikoje?"

Mkewe aliinama kuelekea simu.

"Kwani vipi? Kuna mtu kasema nini?"

"Hakuna aliyesema. Mimi ndiye ninayeuliza. Nikija nikakuta umenidanganya, nitarudi na undugu wetu nitauacha huko."

Aliposema tena, bashasha ilikuwa imeondoka, na sauti iliyobaki ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka.

"Tunalala watu sita chumba kimoja," alisema shemeji. "Kwa zamu. Kitanda changu mchana kinalaliwa na mwingine. Mwaka wa kwanza nilibeba makasha, mgongo ukaharibika, hauniachi mpaka leo. Kiti sina. Msimamizi hajui jina langu, ananiita kwa namba ya sare. Baridi ya mle ndani si ya friji zako, shemeji, inaingia kwenye meno." Alivuta pumzi. "Hayo ndiyo mabaya. Mengine ni kweli. Mshahara haujachelewa hata mara moja. Ukiumia kazini wanakutibu. Na mitambo... mitambo ukiiona utasahau kula. Fundi wao mkuu anastaafu, anatafuta mtu wa kumwachia ujuzi. Sijakudanganya kuhusu hilo."

"Kaka," mkewe alisema, akiishika meza kwa mikono miwili, "mgongo miaka sita? Kwa nini hukuniambia?"

"Dada, wewe ukinipigia huwa unasemaje? 'Sisi wazima kabisa, kaka.' Ningeanzaje kuwa mgonjwa peke yangu?"

Mkewe aliufunika uso kwa viganja. Bosi, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, alikuja akakaa karibu naye. Hakuna aliyemfukuza.

Baada ya kitambo mkewe alijifuta uso. "Kaka," alisema, "mama yetu naye alipasuliwa mara ya pili, mwaka jana. Yu hai, anatembea. Tulikuficha. Nitakupigia kesho nikueleze vizuri, nawe utanieleza mgongo." Kisha akamgeukia mumewe. Hakuzungumza naye kama mtoto wa chekechea.

"Sasa najua sisi ni watu gani," alisema. "Tunaweza, tukisema. Tukificha hatuwezi hata mwezi. Mimi sifurahi uende, na sitajifanya nafurahi. Lakini amua, nitakuwa nyuma yako."

"Na mimi sitaki!" sauti ya mama ilitoka chumbani, imara kama zamani. "Mlisema tuseme yote, basi nasema. Sitaki aende. Mimi mzee, huenda nisimwone tena. Na hilo mniandikie."

Fundi Baridi aliinuka, akaenda kusimama mlangoni pa mama yake. Alimtazama mpaka yule mzee akamtazama. Ingekuwa rahisi kusema, mama, miaka mitatu ni kesho tu. Ingekuwa rahisi kusema, bado sijaamua. Maneno hayo mawili yalimjia ulimini kwa pamoja, yote laini, naye akayameza.

"Nimekusikia, mama," alisema. "Huenda usinione tena, na huenda mimi nisikuone. Naenda."

Mama alijivutia shuka. "Haya," alisema. "Kama umelisema hilo jicho kwa jicho, nenda."

Fundi Baridi alirudi mezani, ambako simu ilikuwa bado iko wazi na shemeji bado anangoja, akainama.

"Mwambie tajiri wako nakuja," alisema. "Na kitanda cha zamu nitakachopewa, niulizie mchana kitalaliwa na nani, nimjue kabla sijaja."